Mkia wa Gurudumu la Mbele

Konde, Pemba
18 Agosti 2024

Mwanangu Rahila,

Assalaam alaykum. Sisi huku tu wazima, na kama yupo asiyekuwa mzima basi hajasema. Mama yako Moza alipata mafua, yamekwisha, sasa ananigombeza kwa sauti yake ya kawaida. Paka amezaa ndani ya kapu la vitunguu, vitunguu vimehamishwa. Karafuu mwaka huu zimekubali, na kutoka sokoni hadi mwisho wa nyumba kumetandikwa majamvi pande zote mbili za barabara. Mtu hawezi kupiga chafya bila kuomba radhi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu mara ya mwisho kwenye simu mmoja wetu alikata. Sisemi nani. Barua haikatiki.

Sasa shida yangu. Ile baiskeli ya resi uliyonitumia kutoka huko Arusha ina tabia. Unajua kila Jumamosi nakwenda Wete kucheza keram na Masoud. (Masoud ndiye baba wa yule kijana, lakini kijana hayumo katika barua hii.) Nikiiendesha kwa mkono mmoja, jambo ambalo mtu yeyote hulifanya mara moja moja, usukani hautulii, tena unavuta kulia. Baiskeli yangu nyeusi ya kubebea magunia ilikuwa ikienda yenyewe. Nilikuwa naweza kuvua koti juu yake na kulivaa tena.

Nikaenda bandani nikaitazama ile nyeusi. Uma wake wa mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu, umepinda kwenda mbele kama kijiko. Wa hii yako umenyooka karibu kama mguu wa meza. Nikasema kumbe kosa ni hili. Nikaipeleka kwa Duni fundi, akaupasha uma moto, akaupinda mbele mpaka ukafanana na ule wa zamani. Akaupaka na rangi. Akaniambia, "Sheikh Haroub, hino sasa yaenda yenyewe."

Haikwenda yenyewe. Ilikwenda kwa Bi Mwatima.

Jamvi lake liko chini ya kile kiteremko. Niliingia katikati, na baiskeli ikafuata. Unakumbuka kwamba miaka yote niliyokuwa mpimaji kwenye kituo cha kununulia karafuu nilimrudishia Bi Mwatima karafuu zake kwa sababu ya ubichi. Alikuja akasimama juu yangu, hakuniuliza kama nimeumia. Akaokota karafuu moja karibu na sikio langu, akaivunja ikalia, akasema, "Zimekauka, sheikh. Wasikia?" Nikasema nasikia. Kisha nikakaa kuokota zilizomwagika. Akaniuliza, "Mbona waokota kwa nkono mmoja?" Nikamwambia mwengine unapumzika.

Moza naye kasema, "Ukigwa tena, baiskeli yapanda darini, na haishuki." Huyo unamjua, hasemi kitu akakisahau. Ikipanda darini mimi nitakuwa wa kwenda Wete nyuma ya gari la abiria, nipandishwe na nishushwe kama gunia la mbatata. Sijawahi kushushwa na mtu. Kwa hiyo niambie upesi: uma upindwe mbele kiasi gani zaidi?

Ami yako,
Haroub

*

Arusha
9 Septemba 2024

Ami yangu,

Shikamoo. Barua yako imekaa wiki mbili kwenye mkoba wa mtu aliyesema anakuja kesho. Mimi sijambo. Baridi ya huku mwezi huu inapungua, nimevua sweta moja, nimebaki na moja. Kazini wamenipa meza yangu mwenyewe ya kujengea magurudumu, iko dirishani, naona mlima siku mlima unapotaka kuonekana. Mwambie Mama Moza ule ubani wake umefika ukiwa mzima.

Ami, usipinde tena chochote. Na usiipande hiyo baiskeli. Chuma kile ni chembamba, kilipikwa kwa kipimo chake kiwandani. Kikishapashwa moto kwa mvukuto wa Duni, kitakushika leo na kesho, na keshokutwa kitakatika bila kuaga.

Acha nikueleze kwa nini umekosea, usinikasirikie. Chukua fimbo. Isimamishe ubavuni mwa baiskeli, ilale sawasawa na lile bomba la mbele ambamo usukani unazunguka. Ifuatishe mlazo huo mpaka chini. Utaona fimbo inagusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapogusa. Nafasi hiyo baina ya fimbo na tairi mimi naiita mkia, maana tairi linafuata nyuma ya usukani wake. Ni kama magurudumu madogo ya toroli la hospitali: ukilisukuma, yanageuka yenyewe na kufuata nyuma. Mkia ukiwa mrefu, gurudumu likiyumba linajirudisha katikati. Ukiwa mfupi, linakwenda utakakopumulia.

Sasa ile nyeusi yako ina bomba lililolala nyuma sana, kama mtu kwenye kiti cha uvivu. Kulala huko ndiko kunakoipa mkia. Kule kupinda kwa uma hakuongezi, kunapunguza. Lakini mkia wake ni mrefu mno, kwa hiyo hata ukipunguzwa unabaki wa kutosha kuvulia koti. Hii ya resi bomba lake limesimama wima. Mkia wake ni mfupi tangu kuzaliwa, ndiyo maana uma ulinyooka, ili mkia usiliwe wote. Wewe na Duni mmeula uliobaki.

Hiyo ni habari ya kuyumba. Habari ya kuvuta kulia ni nyingine. Mwambie Duni aishike kwa nyuma ya kiti tu, asiguse usukani, aisukume akitembea uwanjani. Ikikata kulia, uma umekwenda kombo. Ikienda moja kwa moja, tutazungumza.

Na jambo dogo. Wakati inapovuta kulia, mkono wako wa kushoto unafanya nini?

Mwanao,
Rahila

*

Konde
2 Oktoba 2024

Mwanangu Rahila,

Alaykum salaam. Paka wamefumbua macho. Bi Moza hajambo. Mvua imenyesha mchana bila kutangaza, watu wakakimbia na majamvi vichwani, hata mimi nilishika pembe moja.

Duni ameisukuma. Kaishika nyuma ya kiti akatembea nayo kutoka dukani kwake, ikaenda moja kwa moja mpaka kwenye ngazi ya msikiti, ikasimama. Waliokuwa wakitawadha wameona. Kwa hiyo uma hauna kombo, na Duni anakusalimu.

Habari ya mkia nimeifahamu, nimefanya na fimbo. Wa ile nyeusi unaingia kiganja kizima. Wa hii, baada ya Duni, hauingii hata kidole. Nakiri kwamba nilidhani kupinda ndiko kutulia. Kila mtu hapa Konde anadhani hivyo, na tumebeba karafuu za kisiwa hiki kwa dhana hiyo.

Lakini kwa nini umetaja toroli la hospitali? Ziko toroli nyingi duniani. Mimi katika barua yangu sikutaja hospitali.

Mkono wa kushoto upo.

Ami yako,
Haroub

*

Arusha
28 Oktoba 2024

Ami yangu,

Shikamoo. Huku salama.

Kama baiskeli ikiachiwa inakwenda moja kwa moja mpaka msikitini, basi kinachovuta kulia si baiskeli.

Sitasema zaidi ya hapo, kwa kuwa mara ya mwisho niliposema zaidi uliniambia nisirudi nyumbani mpaka nimkubali yule kijana wa Masoud. Mimi bado sijamkubali, kwa hiyo niko huku, na siwezi kuja kukutazama kwa macho yangu.

Usiipande, Ami. Nakuomba.

Rahila

*

Konde
14 Disemba 2024

Mwanangu Rahila,

Assalaam alaykum. Nimechelewa kujibu, nilikuwa na shughuli.

Sina shughuli. Baiskeli iko darini. Niliwaambia majirani ni kwa ajili ya hewa. Ukweli ni kwamba niliipanda, baada ya wewe kuniambia nisiipande, na nilifika mpaka karibu na Wete bila tatizo, nikawa naandaa maneno ya kukuandikia. Ng'ombe akavuka. Niliushika usukani nikabana breki ya mkono wa kulia, na baiskeli hii, ambayo haina mkia, ikageuka kunitazama. Uma haukukatika. Mimi nilikwaruzika kidevu na goti. Ng'ombe hana kitu.

Moza alitimiza neno lake. Alimwita Duni, wakaipandisha kwa kamba, akafunga fundo mwenyewe. Fundo la Moza unalijua.

Jumamosi nilikwenda Wete kwa gari. Palikuwa na ngazi ya chuma nyuma, na nilipofika hapo watu wawili wakanishika makwapani, bila kuombwa, wakaniweka juu. Kule wakanishusha vivyo hivyo. Mmoja akasema, "Pole pole na mzee." Nimecheza keram vibaya. Jumamosi ya pili sikwenda. Masoud ametuma kuuliza, nimejibu nina mafua.

Nimehuzunika, mwanangu, nakwambia kama ilivyo. Nakaa barazani nawaona wanaopita na baiskeli zao za magunia, wamekaa upande, wanakula embe, wanaongea na simu, na baiskeli inakwenda. Nilikuwa nadhani mtu huendesha baiskeli. Kumbe nyingine humwendesha mtu, na hizo ndizo ninazozitaka sasa.

Ile nyeusi yangu haiwezekani, usiulize. Fremu imeoza pale chini, ukiipiga inatoa unga.

Ami yako,
Haroub

*

Arusha
11 Januari 2025

Ami yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kazini, nikaenda kuosha uso, nikarudi. Pole na kidevu.

Sikiliza. Nitakutengenezea uma mwingine. Wenye miguu iliyonyooka kabisa, usiosogea mbele hata kidogo kuliko inavyolazimu, ili mkia urefuke. Lakini lazima nijue lile bomba la usukani limelala kiasi gani, maana fremu ile niliinunua kwa mtu na karatasi zake sina. Nikikisia nikazidisha, usukani utakuwa mzito hata kugeukia uani.

Fanya hivi. Baiskeli isimame wima mahali pa sawa. Chukua timazi ya fundi mwashi, ile ya chuma kizito mwisho wa uzi, ishikwe juu kabisa ya bomba, kwa ubavuni, uzi uning'inie. Halafu upime kwa rula, pale chini bomba linapoishia, limesogea mbele ya uzi kwa kiasi gani. Na urefu wa bomba lenyewe.

Mtu mmoja hawezi kufanya hivyo. Panahitajika mkono wa kushika uzi, mkono wa kushika rula, na mkono wa kuituliza baiskeli. Hilo nimelisema kwa sababu ni kweli kwa mtu yeyote, hata mimi hapa huwa naita mwenzangu.

Rahila

*

Konde
1 Februari 2025

Mwanangu Rahila,

Alaykum salaam. Paka wawili wamechukuliwa Wawi, mmoja kabaki na anakula kuliko mimi.

Nilimsomea Moza barua yako, ile sehemu ya mikono. Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea mpaka akaumaliza, akaenda akapanda kiti, akalifungua fundo. Baiskeli kaishusha mwenyewe, haikumshinda. Kashika uzi mimi nikashika rula, na kuituliza baiskeli kaituliza kwa goti. Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii, na Moza kavipima upya kwa kuwa hakuniamini.

Tulipomaliza akanishika mkono wa kushoto, akautazama kama anaununua, akaurudisha pale pale. Akasema, "Mwambie ntoto afanye upesi."

Haroub

*

Arusha
24 Februari 2025

Ami yangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema kwenu nyote, nimewahi kabla ya watu. Barua hii na mzigo wake analeta Suhaila, mwalimu wa hapa, kwao Wawi, anakwenda kufunga nyumbani. Mzigo umefungwa kanga. Akiulizwa bandarini kama ni silaha aseme ni mguu wa baiskeli, nimemfundisha.

Uma ni huu. Duni atauweka, lakini moto asiulete karibu. Ule mliopinda ukatwe vipande viwili mbele ya Mama Moza, mtu mwengine asije akautumia.

Mkia sasa ni mrefu kama wa ile nyeusi, umepungua upana wa ukucha. Itajirudisha katikati yenyewe. Upepo wa kando ukiusukuma usukani, uache, utarudi. Lakini kila kitu kina upande wake wa pili, na lazima uujue kabla hujafika kwenye kona.

Ukienda taratibu sana mlimani, usukani utakuwa mzito na utataka kuanguka upande, kwa hiyo usiende taratibu sana. Kanyaga. Na baiskeli hii haipendi tena kuambiwa kwa ghafla. Kabla ya uma huu ulikuwa unaiwazia tu, ishageuka. Hii kona uiambie mapema, kwa kulaza mwili na bega, mkono uwe wa mwisho. Ukiiambia mapema itazunguka vizuri kabisa. Ukingoja mpaka umefika, itanyooka kwa Bi Mwatima.

Ndani ya kanga utakuta pia kishikio kimoja cha breki chenye waya mbili. Breki ya mbele na ya nyuma zote zinakamatwa na mkono wa kulia.

Sikukuuliza. Nimefunga tu.

Mwanao,
Rahila

*

Konde
12 Aprili 2025

Mwanangu Rahila,

Assalaam alaykum. Idi imepita salama. Moza alipika vitumbua mpaka paka akaondoka nyumbani. Suhaila alifika na mzigo, bandarini walimwuliza kweli, akasema ni mguu wa baiskeli, wakamwuliza mwingine uko wapi.

Uma umekaa. Ule mwingine Duni aliukata, na pale alipopasha moto tukaona ufa mwembamba umezunguka nusu ya chuma. Tuliutazama sote watatu. Duni akavua kofia. Moza akavichukua vipande vyote viwili akavitupa chooni.

Nilingoja mpaka baada ya Idi, kwa kuwa kuanguka na saumu sikutaka. Jumamosi iliyopita nimekwenda Wete. Sitakuelezea njia nzima. Kwenye upepo karibu na mashamba ya mpunga ikasukumwa, nikaiacha kama ulivyosema, ikarudi. Nikaiacha tena makusudi, ikarudi. Nilicheka peke yangu barabarani na watu wakaniitikia salamu. Kiteremko cha kwa Bi Mwatima nilianza kuiambia kona tangu juu, kwa bega, mapema kabisa, nikapita mbali na jamvi lake. Alikuwa amesimama hapo na ufagio, nadhani wa kunipigia. Nilimsalimia kwa kichwa, maana mkono wenye kazi ulikuwa kazini.

Masoud nimemfunga keram. Yule kijana wake ameoa, kwa watu wa Mkoani, nimekula pilau, nyama ilikuwa ngumu. Nilikwambia usirudi mpaka umkubali. Sasa hapana wa kukubaliwa, lakini hata asingeoa maneno yale nisingeyarudia. Yalikuwa maneno mabaya, na mimi ndiye niliyekata simu.

Uliniuliza mwezi wa Septemba mkono wangu wa kushoto unafanya nini. Haufanyi kitu. Ulilala mwezi wa Juni mwaka jana, baada ya sala ya alfajiri, na haujaamka. Hospitali nilikwenda, wakasema ni damu kichwani, wakanisukuma kwenye toroli, na magurudumu yake yanafuata nyuma kama ulivyoeleza. Sikukwambia kwa sababu ungekuja kwa ajili ya mkono, na mimi nilitaka uje kwa ajili yangu.

Basi nakwambia mapema, kwa kuwa nimekulea na najua nawe hupendi kuambiwa kwa ghafla: Idi ya Mfungo Tatu, ile ya kuchinja, njoo nyumbani. Nitakuja kukupokea Wete kwa baiskeli. Mizigo yako ataibeba Duni, mimi nitakubeba wewe.

Ami yako,
Haroub